Boti ya matanga iliyotumika: raha na mwendo vinakaa pamoja?

Swali lenyewe kwa kifupi. Msomaji na mkewe wanatafuta boti ya matanga iliyotumika, futi 36 hadi 40, ya kukaa ndani miezi kadhaa kwa mwaka na kuvuka bahari kubwa wakishazoea. Yeye anapenda mwendo, ametokea kwenye mashindano. Mkewe anaumwa bahari haraka na anataka sehemu ya kulala na kupika inayoeleweka. Wameona mbili, zote futi 37. Ya kwanza ya zamani, nzito, mkuku (ule uti mzito wa chini ya boti) mrefu wa mtindo wa kale, tani 8.4, upana futi 11, urefu kwenye maji futi 28. Ya pili ya karibuni, nyepesi, tani 6.1, upana futi 12.8, urefu kwenye maji futi 33, ndani vyumba vitatu na mwanga mwingi. Anauliza achukue ipi, na je ile sitaha ya mbao za mtiki kwenye boti ya kwanza ni faida au mzigo.

Kaka, nianze na shemeji, maana kura ya mwisho iko kwake hata kama bado hamjaambiana. Mtu anayeumwa bahari akishachoka siku ya pili, boti hata iwe na kasi gani haifiki popote, mtashusha matanga, mtawasha injini, mtakimbilia bandari ya karibu, alafu mwaka unaofuata boti iko kwenye matangazo ya kuuzwa. Nimeona boti nyingi sana zinauzwa kwa sababu hiyo na tangazo haliwezi kukwambia, litaandika tu "mipango imebadilika". Kwa hiyo mi raha naihesabu kama sehemu ya mwendo. Boti inayowaacha mkalala na mkala vizuri inaendelea kusukumwa usiku kucha, ile inayowachosha inapunguziwa matanga saa kumi na mbili jioni ili watu wapumue, na asubuhi iko nyuma.

Sasa watu wanachanganya raha mbili. Kuna raha ya gatini na kuna raha ya baharini, na mara nyingi zinapigana. Hiyo boti ya pili imewavutia kwa sababu mmeiona imefungwa marina, maji yametulia, sebule pana, kitanda cha nyuma mnalala hata kwa mapana. Hebu ifikirie sebule hiyo hiyo chombo kimelala nyuzi 20 na wimbi linakuja la ubavuni, ukiachia mkono pale jikoni unaenda kutua upande wa pili, na katikati hapo hamna hata kitu kimoja cha kushika. Boti iliyochorwa na watu wanaokaa baharini ni ya kubanana kidogo ndani, kila hatua mkono unakuta mahali pa kushika, jiko limejikunja kwa umbo la U au L karibu na ngazi ili mpishi ajibane, na choo kiko karibu na ngazi hiyo hiyo ili mtu aliyelowa asilowanishe nyumba nzima. Kitanda cha baharini ni chembamba, kiko karibu na katikati ya chombo ambako mrusho ni mdogo, na kina kitambaa cha kufunga ubavuni usidondoke. Kile kitanda kikubwa cha omo, yaani kule mbele, ni cha nanga tu, ukiwa unabisha upepo (unaenda kuukabili) omo inapanda na kushuka mpaka unaelea hewani unaachana na godoro.

Kingine ambacho dalali hakwambii ni kelele za usiku. Boti nyingi za kisasa zina tezi, yaani sehemu ya nyuma, pana na bapa, na chini yake kuna nafasi ndogo kati ya bodi (mwili wa boti) na maji. Mkitia nanga sehemu yenye viwimbi vidogo vinavyotokea nyuma, vinapiga pale chini pap, pap, pap, na kitanda cha kapteni kiko juu yake hapo hapo. Usiku wa kwanza mnacheka. Kabla hujanunua ombeni kulala ndani usiku mmoja ikiwa kwenye nanga, muuzaji mwenye nia ataelewa.

Haya twende kwenye namba, maana umetoa vipimo vyote na nashukuru, wengi wanatuma picha ya kitanda tu.

Boti ya aina hii inasukuma maji, hairuki juu yake, kwa hiyo inatengeneza wimbi lake yenyewe na kukwama ndani ya hilo wimbi. Ndo maana urefu wa pale inapogusa maji ni muhimu kuliko urefu ulioandikwa kwenye tangazo. Chukua urefu huo kwa futi, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 1.34, unapata mwendo wa juu kwa maili za bahari kwa saa. Ya kwanza yako inatoa 7.1, ya pili 7.7. Boti nyepesi yenye upepo nyuma inaweza kuvuka hiyo namba, lakini wastani wa safari huwa chini ya hapo sana kwa zote mbili. Usidharau tofauti ndogo lakini. Ukitembea wastani wa 5.5 unafanya maili 132 kwa siku, ukitembea wastani wa 6 unafanya 144, na kwenye safari ya maili 1,000 hiyo nusu inakuokolea kama saa 15, ambazo zinaweza kuwa ndio tofauti ya kuingia bandarini mchana au kukaa nje gizani mnasubiri kukuche.

Namba ya pili ni uzito ukilinganishwa na urefu wa maji, kwenye tovuti za takwimu za boti wanaiandika D/L. Chini ya 200 inaitwa nyepesi, 200 mpaka 300 ya kati, juu ya 300 nzito. Ya kwanza yako ni 377, yaani nzito kwelikweli, ya pili 167. Ya tatu ni ile namba ya raha aliyoitunga mchoraji boti Ted Brewer, mwenyewe alisema aliibuni nusu utani, ila watu wameikumbatia kwa sababu inasema kitu cha kweli: chombo chepesi na kipana kinarushwa na wimbi haraka haraka, chombo kizito na chembamba kinainuka polepole, na tumbo la binadamu halisumbuliwi sana na kuinuliwa, linasumbuliwa na kushtuliwa. Ya kwanza inapata kama 38, ya pili kama 20. Hiyo ni tofauti ambayo shemeji ataisikia kabla hamjatoka mdomo wa bandari.

Halafu kuna kipimo cha kupinduka. Kilikuja baada ya mashindano ya boti za matanga ya Fastnet, Uingereza, ya 1979, pale dhoruba ilipokuta zaidi ya boti 300 baharini na washindani 15 wakafa, watu wakaanza kujiuliza kuhusu boti pana na nyepesi zinazopinduliwa na kubaki juu chini. Unagawa upana kwa kipeuo cha tatu cha ujazo wa maji yanayosukumwa na chombo, na wanataka jibu liwe chini ya 2 kwa safari za bahari kuu. Ya kwanza yako 1.66, ya pili 2.15. Usitupe boti kwa sababu ya namba hiyo peke yake kwani haijui farumi (uzito wa kuisimamisha boti) iko chini kiasi gani. Mkuku wenye kina na uzito wote ukiwa kwenye ncha ya chini unabadilisha mambo sana na fomula haiuoni. Omba mchoro wa uimara wa chombo hicho kama upo, unaonyesha kikilala nyuzi ngapi ndo kinashindwa kurudi, huo ndo ushahidi. Na kama boti imetengenezwa kwa soko la Ulaya baada ya 1998 itakuwa na kibandiko cha daraja, A ikiwa ndio ya bahari kuu. Daraja A ni kiwango cha chini cha kuruhusiwa, sio sifa. Kuna boti mbili za daraja A, moja naenda nayo popote na nyingine naitumia kwa mchana tu na hali ya hewa nzuri.

Kwa hiyo nikiangalia hizo mbili, jibu langu ni hapana kwa zote, au tuseme hapana mpaka mtafute ya tatu. Ya kwanza itampa shemeji usingizi na itakunyima we furaha, maana mkuku mrefu na uzito ule kwenye upepo mdogo haisogei, na upepo mdogo ndio mtakaoupata siku nyingi kuliko dhoruba. Mtaishia kuwasha injini, na injini ikiwaka kuna kelele na harufu ya dizeli chini, anaumwa vilevile! Ya pili itakupa we furaha siku ambayo iko tupu, sio siku ambayo mnaishi ndani yake, nitaeleza hapo chini.

Kilichopo katikati kipo na kipo kingi. Tafuta D/L ya 200 mpaka 270 hivi, namba ya Brewer 27 mpaka 35, mkuku mfupi lakini wenye mizizi, yaani umeshikana na bodi kwa eneo refu, kina cha mita 1.8 mpaka 2 ili ibishe upepo vizuri, na usukani, yaani lile bapa la chini ya maji, wenye mguu wa kuukinga mbele yake au walau wenye shina nene. Wazo hilo lina umri. Mchoraji Robert Perry alichora boti ya Valiant 40 mwanzoni mwa miaka ya 1970, nyuma umbo la kale la kuchongoka, chini ya maji mkuku mfupi na usukani uliotengwa, na watu wakashangaa boti ya kusafiria inakwenda. Urefu wa maji futi 34, D/L 256, Brewer inatoka kama 34, mwendo wa juu 7.8. Angalia hapo, inaishinda boti yako ya pili kwa mwendo wa juu na inakaribia ya kwanza kwa raha, kwa sababu imechukua urefu wa maji na haikutupa uzito wote. Ni ndefu zaidi ya hizo zako, ndiyo, ila ndani ya futi zako 40. Baadaye kiwanda cha Hallberg-Rassy walivyomchukua mchoraji German Frers kuchora boti zao walienda njia hiyohiyo ya katikati, na viwanda vya Najad, na X-Yachts kwa upande wa wanaopenda kasi kidogo. Ukitaka ndogo na ngumu kuna Contessa 32, ile iitwayo Assent ndiyo pekee iliyomaliza katika kundi lake kwenye Fastnet ile ya 1979, ila hiyo kwa kuishi miezi ni finyu, na kwenye kubisha inalowesha, mi nisingempeleka shemeji huko.

Usininukuu vibaya lakini, jina la kiwanda sio dhamana. Hizo Valiant zenyewe, zilizotengenezwa kati ya 1976 na 1981, nyingi zilitoka malengelenge mabaya (vivimbe kwenye faiba) mwilini kwa sababu ya resini ya kuzuia moto waliyoitumia kipindi hicho. Mchoro mzuri, kiwanda chenye sifa, na bado mwaka wa kutengenezwa ndio unaamua. Kwa hiyo kwa kila aina mnayoipenda ulizeni, miaka ipi ilikuwa na shida gani.

Turudi kwenye uzito maana nimekuahidi. Weka maji lita 400, hapo kilo 400. Dizeli lita 200, kilo 170 hivi. Mnyororo wa nanga milimita 10 wa mita 60, kilo 130 na ushee. Kaboti kadogo na injini yake, betri, paneli za jua, spea, zana, vitabu, chakula cha mwezi, nyie wawili. Bila kujitahidi mmefika tani 1.3. Kwenye boti ya tani 6.1 hiyo ni zaidi ya asilimia 20 ya uzito wake wote, inazama chini ya mstari wake, tezi bapa inaanza kuburuta maji na ule mwendo uliousoma kwenye gazeti umebaki gazetini. Na raha haiongezeki, kwa sababu umbo ni lile lile pana lenye tumbo bapa, linapiga wimbi vilevile, sema sasa likiwa zito. Boti ya tani 8 au 9 iliyochorwa kubeba inakula mzigo huo bila kubadilika sana. Hapa ndo wapenda mwendo wengi wanapotea, wananunua kasi ya boti tupu alafu wanahamia na nyumba.

Kama unataka kasi kwenye boti ya katikati, pesa yako iende kwenye vitu vitatu ambavyo havimo kwenye mchoro: matanga, propela, na uchafu wa chini.

Matanga kwanza. Tanga la dakroni, kile kitambaa cha poliesta, likizeeka kabla ya kuchanika linatanuka, na tumbo lake linahama kutoka mbele kwenda nyuma. Hapo nguvu ya upepo badala ya kuvuta chombo mbele inakilaza. Unapata boti inayolala sana, inayovuta usukani kama punda mkaidi, na haibishi upepo. Watu wanalaumu boti, kumbe ni kitambaa. Muuzaji atakwambia "matanga yako vizuri" kwa maana ya hayana tundu. We mwombe ayapandishe yote, kaa chini ya tanga kubwa, angalia juu kwa mshono wa mlalo uone kina kikubwa kiko wapi, kikiwa kimepita katikati kwenda nyuma, na hata ukivuta kamba hakirudi, hayo matanga ni ya kufunikia mizigo. Tanga jipya ni kifaa cha raha kuliko friji, maana chombo kinasimama wima zaidi, hapo mpishi hana haja ya kujifunga mkanda. Nashangaa watu wanaokubali kulipia skrini mpya za kielektroniki na kusafiri na matanga ya miaka 20.

Propela ya kudumu yenye mapanga matatu mnaiburuta saa zote matanga yakifanya kazi, inaweza kula nusu maili kwa saa na zaidi upepo ukiwa mdogo. Ya kujikunja au ya kujigeuza inarudisha hiyo. Na chini pakiwa pameota makombe hata boti ya mashindano haitembei. Hilo la mwisho ni la kupiga msasa na kupaka rangi tu, wala sihitaji kulieleza.

Sasa ukaguzi. Hapa nitakaa kidogo.

Anza na sitaha, na anza peke yako kabla hujamlipa mtu. Boti nyingi za faiba sitaha yake ni sandwichi, faiba juu, faiba chini, katikati mbao nyepesi za balsa au povu. Maji yakipenya kwenye matundu ya bolti, balsa inaoza kimyakimya. Chukua mpini wa plastiki wa bisibisi, piga taratibu kila sentimita chache, kuzunguka mlingoti, winchi, vinguzo vya ukingoni. Penye uzima sauti ni kali na fupi, penye kuoza ni nzito, inazama. Mwambie shemeji asimame karibu na kinguzo, akishike juu akisukume nje na ndani kwa nguvu, we uko chini umepiga goti unaangalia kitako chake. Ukiona kiunyevu kinatoka pembeni ya bamba, tena cha kahawia, na hakijanyesha siku mbili, maji yako ndani ya sitaha na yana muda mrefu.

Kisha shuka ndani, fungua makabati ya ubavuni pale waya za mlingoti zinaposhikiliwa. Kuna bapa za chuma zinapita kwenye sitaha na kufungwa kwenye kuta za ndani. Chuma kisichoshika kutu kinahitaji hewa ili kisishike kutu, na pale kinapopita katikati ya sitaha hakuna hewa, kuna maji ya chumvi yaliyotuama, kwa hiyo kinaliwa sehemu ambayo macho hayafiki. Ukiona mchirizi wa kutu chini yake kwenye mbao, hicho chuma kitolewe nje kiangaliwe, hakuna njia ya mkato. Muuzaji akisema "kimekuwa hivyo miaka yote" ndo amekujibu. Waya zenyewe wengi wanazihesabu maisha miaka 10 mpaka 15, na bima nyingi zitauliza zilibadilishwa lini, na zinataka risiti. Zikivunjika huanzia kwenye maungio ya chini ambako maji hushuka na kukaa, pitisha kitambaa cha pamba juu chini, uzi uliovunjika utakinasa (usitumie kidole).

Mkuku. Uliza kama imewahi kugonga mwamba, uliza kwa utulivu na unyamaze, watu wanajaza kimya wenyewe. Chombo kikigonga mwamba kwa mbele ya mkuku, nyuma ya mkuku inasukumwa juu kuingia kwenye bodi, kwa hiyo nyufa zitafute ndani nyuma ya bolti ya mwisho, na nje kwenye kiungo pale nyuma. Boti nyingi za kiwanda zina fremu ya faiba iliyogundishwa ndani kubeba huo mzigo na ikiachia gundi huoni kwa urahisi. Mwaka 2014 yoti Cheeki Rafiki ilipoteza mkuku katikati ya Atlantiki ikirudi Uingereza, na mabaharia wanne hawakupatikana. Wachunguzi wa Uingereza walisema inawezekana chanzo ni kugonga chini mara za nyuma pamoja na matengenezo yaliyofuata kudhoofisha maungio. Boti yenye historia ya kugonga siikatai, naikataa ile ambayo hakuna anayejua ilitengenezwaje baada ya hapo.

Usukani ushike ukiwa nchi kavu, utikise mbele nyuma na pembeni. Mchezo kidogo ni bushi, mchezo mwingi ni pesa. Ukiona unachuruzika maji siku mbili baada ya kupandishwa, ndani kuna maji na kuna vyuma vinavyoliwa.

Injini naenda haraka. Fika kabla haijawashwa, iguse kwa mkono, ikiwa ya moto rudi siku nyingine. Ikiwashwa baridi angalia moshi: mweusi ni mzigo mkubwa au hewa haitoshi, wa bluu ni oili, mweupe usioisha ikishapata moto mara nyingi ni maji yanaingia pasipotakiwa au dizeli haiungui vizuri. Baharini iendeshe kwa nguvu zote dakika kumi, ifike mizunguko iliyoandikwa kwenye kitabu chake na joto lisipande. Saa chache kwenye mita zisikufurahishe, dizeli iliyokaa bila kuwashwa inaharibika kuliko iliyofanya kazi na kufanyiwa sevisi. Kama ina mguu wa propela unaotoka chini ya bodi, uliza lile pete la mpira linalozuia maji lilibadilishwa lini, watengenezaji wa injini Volvo Penta wanasema kila miaka 7, na ikiachia hapo kuna tundu kubwa chini ya boti.

Halafu majaribio ya baharini, na hapa usikubali siku ya maji ya kioo. Unataka upepo wa maili za bahari 12 mpaka 18 kwa saa, na viwimbi. Bisheni upepo kwa nusu saa nzima. We kaa kwenye usukani dakika kumi tu alafu muachie mtu mwingine ushuke chini, maana we raha yako naijua, ni kushika usukani. Ukiwa chini jaribu kufungua na kufunga milango yote. Mlango uliofunguka vizuri gatini na sasa umekaba inakwambia bodi inajipinda waya zikivuta, au kuta za ndani zimeachia faiba. Ukaba kidogo boti nyingi wanao, ila mlango unaogoma kabisa ni wa kumwonyesha mkaguzi. Shemeji achemshe maji, alale upande wa chini dakika kumi na tano amefumba macho, aende chooni chombo kikiwa kimelala. Hicho ndo kipimo chenu, na akipanda juu amebadilika rangi mnaishukuru boti na mnaondoka, hata kama we umeshaipenda. Akiwa sawa geuzeni mkimbie na upepo nyuma, huko ndiko boti inayumba kushoto kulia na watu waliovumilia kubisha wanashindwa.

Mkaguzi mtafute mwenyewe, asiwe aliyependekezwa na dalali hata kama ni mtu mzuri. Ofa iandikwe kwamba inategemea matokeo ya ukaguzi na majaribio. Kipimo cha unyevu kwenye bodi iliyotoka majini asubuhi hiyo hakina maana sana, iache ikauke siku kadhaa. Malengelenge machache ya juu juu yasikukimbize, ni ya kujadili bei, mtu hajazama kwa malengelenge. Mlingoti na waya mara nyingi mkaguzi wa bodi hapandi, kwa hiyo lipia fundi wa milingoti apande. Na hati, deni, kodi, bima, ulizeni mapema, bima ikikataa boti kwa umri wa waya zake afadhali ujue kabla.

Bajeti: kama mna kiasi fulani, boti isizidi robo tatu yake. Hiyo robo itakwisha mwaka wa kwanza na mara nyingi inakwisha kwa pamoja, kwa sababu mwenye boti aliyepita aliacha waya, matanga na betri vizeeke pamoja ndo akaamua kuuza. Boti yenye bei kubwa kidogo na risiti za waya mpya na matanga mapya kwa kawaida ndo rahisi kuliko ile ya bei poa.

Mwisho sitaha ya mtiki. Inapendeza, haitelezi ikiwa na maji, na mnunuzi yeyote akiiona moyo unalainika. Ila kwenye boti ya umri huo karibu kila mara imefungwa kwa skrubu, yaani mamia na mamia ya matundu kwenye sandwichi ile ile niliyokueleza inavyooza, na mbao zimesuguliwa miaka mpaka zimekuwa nyembamba, vile vijiti vya kuziba vichwa vya skrubu vinaanza kuchomoka. Ongeza uzito juu ambako hamuutaki, na jua likiwaka haikanyagiki peku. Piga mpini wako hapo kwa makini zaidi, mbao inaficha sauti kwa hiyo gonga pia kutoka chini, ndani, pale ambapo dari inafunguka. Kama vijiti vimetoka sehemu nyingi, mpigie hesabu muuzaji kwa gharama nzima ya kubandua mtiki wote, kukausha na kufunga sitaha upya, usikubali hesabu ya kuziba ziba. Kama hataki kuongelea hilo, boti ya kwanza muachie, na ukishapata ya tatu nitumie urefu wake wa maji, uzito, upana na mwaka wa waya, hizo nne kwanza, picha baadaye.